Mvua Ikinyesha Taru, Maji Huenda Wapi?

Yafuatayo ni maneno yaliyosemwa na afisa wa maji wa kaunti katika baraza la wananchi wa Taru. Tumeyachapisha ili wakaazi wa Samburu, Mackinnon Road, Kinango na kwingineko wenye shida kama hiyo nao wapate kuyasoma na kuyajadili.

Najua miongoni mwenu kuna mama aliyeacha mitungi yake kwenye foleni ili aje asikilize habari za maji. Sitamchelewesha sana.

Kila tunapokutana kwa ajili ya bajeti, ombi la kwanza kutoka huku nyika ni lile lile: "Tuchimbieni kisima." Ombi hilo ni la haki. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Na kazi ya kumfikishia mwananchi maji hayo imewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo mkiomba maji hamwombi msaada. Mnadai haki yenu.

Lakini leo nataka tuulizane jambo moja kwa uwazi: je, kisima cha kuchimbwa kwa mashine ndicho jibu la Taru? Jibu langu ni kwamba, mara nyingi, sicho. Nitawaeleza kwa nini, kisha nitawaeleza mambo ambayo, mkiyadai katika bajeti na mkiyafanya wenyewe nyumbani, yatawapa maji mengi zaidi kwa pesa zile zile.

KWA NINI MAJI NI HABA

Sababu ya kwanza ni mvua yenyewe. Wenzetu wa Diani na Msambweni, kule baharini, hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Huku kwetu nyika mara nyingi ni kama nusu ya hiyo, na mwaka mbaya ni chini zaidi. Tena mvua yetu haiji kidogo kidogo. Huja kwa vishindo siku chache za masika na siku chache za vuli, kisha anga linafunga. Na kuna miaka haiji kabisa. Mnakumbuka ukame ulioanza na vuli ya mwaka 2020 na kwenda hadi mwisho wa 2022. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika maeneo mengi ya nyanda kame za Kenya. Ng'ombe walikufa, na watu wakabaki na ngozi na madeni.

Lakini kumbukeni pia kilichofuata. Vuli ya mwaka 2023, ile ya El Niño, ilileta mafuriko sehemu nyingi za Kenya, pwani ikiwemo. Maji yaliyokuwa yakiombewa dua kwa miaka mitatu yalipita mbele ya milango yetu yakaenda baharini. Miezi michache baadaye tulikuwa tumerudi kwenye foleni. Hapo ndipo lilipo fumbo letu. Mvua ni chache, ndiyo, lakini hata ile inayonyesha hatubaki nayo.

Sababu ya pili ni jua. Katika nyanda hizi, maji yaliyo wazi hupoteza zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwa jua na upepo. Yaani, jua lina uwezo wa kunywa maji ya kina cha mita 2 kwa mwaka mmoja. Silanga pana yenye kina kifupi itakauka hata kama hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeinamisha kichwa pale. Tukilaumu mifugo peke yake, tunamwacha mnywaji mkubwa kuliko wote.

Sababu ya tatu iko chini ya miguu yetu. Mawe ya hapa ni mawe ya mchanga ya zamani sana, ya zaidi ya miaka milioni 200. Wataalamu wa miamba wameyapa matabaka yake majina ya kwetu: kuna tabaka la Taru, la Maji ya Chumvi, la Mariakani na la Mazeras. Fikirini jina hilo la Maji ya Chumvi. Wazee walioliita eneo lile hivyo hawakuwa na mashine wala maabara. Waliyaonja maji wakayatema. Miongoni mwa matabaka hayo kuna udongo mgumu wenye chumvi ya kale, na maji yanayopita humo polepole hubeba chumvi hiyo.

Kwa sababu hiyo kisima kinaweza kuchimbwa huku kwa gharama kubwa, maji yakapatikana, watu wakapiga vigelegele, halafu mtu akionja akakuta ni chumvi tupu. Kuongeza kina si dawa, kwani mara nyingi ukishuka zaidi ndipo chumvi inapozidi. Msijilinganishe na Tiwi. Kule kuna mchanga na mawe ya matumbawe yanayopokea mvua nyingi, na visima vyake vinalisha Diani mpaka Likoni. Ni kaunti moja, lakini ardhi mbili tofauti.

Sababu ya nne ni ile inayowauma zaidi, na mna haki ya kuumia. Bomba la Mzima linapita huku huku kwetu. Bomba hilo lilijengwa miaka ya 1950 ili kupeleka maji Mombasa kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, katika Kaunti ya Taita Taveta. Ni safari ya kilomita 220 hivi. Maji yenyewe ni mvua ya vilima vya Chyulu iliyochujwa na mawe ya volkano. Bomba lina uwezo wa kubeba takriban mita za ujazo 35,000 kwa siku. Tangu lijengwe Mombasa imekua mara nyingi, na miji yote ya njiani imekua pia: Voi, Maungu, Mackinnon Road, Taru, Samburu, Mariakani. Bomba limebaki lile lile, na limezeeka.

Bomba kubwa lile haliko chini ya kaunti. Maji hayo huuzwa kwa jumla na Shirika la Uendelezaji wa Kazi za Maji la Pwani, nayo kampuni yetu ya maji ya Kwale huyanunua na kuyasambaza. Kaunti itaendelea kudai mgao mkubwa zaidi kwa ajili yenu, na nyinyi mnapaswa kuendelea kutusukuma tufanye hivyo. Lakini anayelitoboa bomba usiku ili apate mtungi mmoja anamwaga mamia, na anayeumia kwanza si tajiri wa Mombasa aliye na tangi. Ni jirani yake aliye kwenye kioski cha mwisho wa laini.

Sababu ya tano ni sisi wenyewe. Mti ukikatwa kwa makaa, gunia linauzwa mara moja, lakini ardhi iliyobaki uchi haipokei mvua tena. Matone huipiga, juu panakuwa pagumu kama sakafu, na maji yanateleza pamoja na udongo. Udongo huo unakwenda wapi? Unajaza silanga zetu. Mahali palipochimbwa kina cha mita 3, baada ya miaka kadhaa mtoto anasimama na maji yanamfika magotini. Unaobaki unateremka hadi Mto Mwache, ambako bwawa kubwa linajengwa. Sisi tuko upande wa juu wa mto ule. Tukiachia udongo, tunajaza bwawa la wote.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Nyika hii ilijulikana tangu zamani kwa ukali wake. Misafara iliyotoka Mombasa na Rabai kwenda bara iliiogopa safari ya Taru. Mmisionari Rebmann alipita nyika hii mwaka 1848 akienda Taita na Uchaga, na Joseph Thomson akaipita mwaka 1883. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wafanyakazi walipofika huku ilibidi waletewe maji kwa treni.

Lakini tazameni jambo hili. Misafara hiyo ilipofika Taru, ilipiga kambi hapa kwa sababu ya maji. Juu ya miamba kulikuwa na mashimo yaliyojaa maji ya mvua, yale yaitwayo ngurunga. Msafara wa watu wengi uliweza kunywa na kuendelea. Maji ya Taru yaliyoandikwa vitabuni hayakutoka chini ya ardhi. Yalikuwa ni mvua iliyokingwa na jiwe.

Na hatuko peke yetu. Katika baadhi ya visiwa vya Lamu, ambako maji ya chini yana chumvi, watu walijenga jabia: sakafu pana ya kukinga mvua, imeinamishwa kuelekea birika lililofunikwa. Ukambani, Machakos na Makueni, watu wenye mvua kama yetu walijenga mabwawa ya mchanga. Huko India, katika jimbo kame la Rajasthan, wanavijiji wa Alwar walianza katika miaka ya 1980 kufufua vibwawa vya udongo vya babu zao, na visima vilivyokuwa vimekauka vikapata maji tena. Wote hao hawakuongezewa mvua. Waliizuia isiondoke.

TUNAWEZA KUFANYA NINI?

La kwanza: paa.

Hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Hiyo ni mita 60 za mraba. Mwaka wenye mvua ya milimita 500, paa hilo linapokea lita 30,000. Ondoa sehemu moja ya tano kwa maji yanayorukia nje au kupotea, unabaki na lita 24,000. Hiyo ni mitungi 1,200 ya lita 20 iliyodondoka mlangoni mwako. Mwaka mbaya wenye nusu ya mvua hiyo, bado ni mitungi 600.

Sasa, familia ya watu 6 ikitumia lita 5 kila mtu kwa kunywa na kupika tu, hiyo ni lita 30 kwa siku. Tangi la lita 10,000 likijaa, linawapa maji ya kunywa na kupika kwa siku 333. Karibu mwaka mzima. Lakini tangi hilo hilo likitumika kufulia, kuogea na kunywesha mbuzi, litakwisha kabla ya miezi mitatu. Kwa hivyo kanuni ni hii: maji ya paa ni ya mdomo. Kazi nyingine zitafutiwe maji mengine, hata yakiwa na chumvi kidogo.

Mtu atasema, tangi ni ghali na nyumba yangu ni ya nyasi. Ni kweli. Ndiyo maana mahali pa kuanzia ni majengo ya umma. Jengo la madarasa lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8 hukinga, kwa mvua ile ile ya milimita 500, lita 96,000 baada ya kuondoa upotevu. Shule ya watoto 300, kila mmoja akinywa lita 1 kwa siku 190 za masomo, inahitaji lita 57,000. Paa la jengo moja linatosha, mradi pawe na matangi na gata zisizovuja. Zahanati, msikiti na kanisa ni vivyo hivyo. Na kwa nyumbani, chama cha akina mama cha kuchangiana kinaweza kununua tangi moja kwa mwanachama mmoja kila mzunguko, badala ya kugawana sahani. Haba na haba hujaza kibaba.

Mvua ya kwanza ya msimu isiingie tangini, kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe na tundu liwekwe wavu, tusije tukafuga mbu. Na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

La pili: silanga, lakini silanga iliyochimbwa vizuri.

Mvua moja kubwa ya milimita 20 juu ya ekari moja ni takriban lita 80,000. Kwa hivyo maji ya kujaza silanga yapo. Swali ni kama yatakaa. Silanga ya nyika iwe ya kina kirefu badala ya kutanuka, maana jua hunywa kwa upana. Juu yake pawe na shimo la kunasa mchanga kabla maji hayajaingia, na shimo hilo lizolewe kila baada ya msimu. Pawe na njia ya kutolea maji yakizidi, la sivyo ukingo utapasuka. Na lazima pawe na ua.

Ua ni kwa nini? Kwa sababu ng'ombe akiingia majini anakunywa, anakojoa na kukanyaga ukingo, na mama naye anateka hapo hapo. Ndiyo chanzo cha kuhara. Watoto wakiogelea humo, kichocho nacho kinaingia. Maji yavutwe kwa bomba hadi kwenye birika la mifugo nje ya ua, na sehemu ya kutekea watu iwe kando. Ng'ombe mmoja hunywa kati ya lita 25 na 50 kwa siku. Ng'ombe 50 wanaweza kumaliza lita 60,000 kwa mwezi. Mwenye ng'ombe wengi anachota zaidi, basi na achangie zaidi. Hilo ni jambo la wazee kuliamua mapema, si siku ambayo maji yamebaki kiganja.

Kuna pia ndovu wa Tsavo, ambao nao wana kiu. Silanga ikichimbwa kwenye njia yao ya kale, tumewaalika nyumbani. Kabla ya kuchagua mahali, tuwaulize wazee na tuwashirikishe maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

La tatu: bwawa la mchanga.

Mito yetu ya msimu ina mchanga, na mchanga ni tangi. Ukijenga ukuta imara wa zege kuukata mto mahali penye mwamba chini, mafuriko yanaleta mchanga na kuurundika nyuma ya ukuta. Kati ya chembe za mchanga ule maji hukaa, kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi. Jua haliyafikii, mbu hawazai humo, na yanachujika yenyewe. Unachimba kisima kifupi kando yake, unaweka pampu ya mkono. Kikundi cha Utooni cha Machakos kilianza mwaka 1978 kama kikundi cha wakulima wa kawaida, na leo Ukambani kuna mamia ya mabwawa ya aina hiyo. Masharti yake ni mawili. Mwamba lazima uwepo chini, na fundi lazima apime. Na mchanga ule usiuzwe. Lori linalozoa mchanga wa mto linabeba tangi lenu.

La nne: miamba na barabara.

Ngurunga zilizobaki zihesabiwe na kusafishwa. Penye mwamba ulio wazi, ukuta mfupi unaweza kuelekeza mvua kwenye tangi, kama wafanyavyo Kitui. Nayo barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi inapita hapa. Lami haifyonzi maji. Kila kalvati linamwaga maji mahali fulani, na mara nyingi linachimba korongo tu. Makueni wamejifunza kuyaelekeza maji ya barabara kwenye mitaro ya mashamba na vidimbwi. Maji hayo si ya kunywa, kwa kuwa yana mafuta na uchafu wa magari. Lakini mti, nyasi za mifugo na miti ya matunda hazikatai. Kabla ya kugusa kalvati, tuwasiliane na wahandisi wa barabara, maana ukilifanya vibaya utabomoa njia.

La tano: shamba lenyewe.

Tangi kubwa kuliko yote ni udongo. Matuta ya kufuata mwinamo, mashimo ya kupandia na mbolea ya samadi huyafanya maji yaliyokuwa yakikimbia yakae shambani. Mtama, pojo, kunde na muhogo hustahimili kiu kuliko mahindi. Sisemi tuache sima ya mahindi. Nasema asiyepanda kitu kingine ataila kwa msimu mmoja na kuisubiri kwa misimu miwili. Na tuache miti juu ya vilima na kandokando ya mito. Wazee wetu wa Kimijikenda walijua hilo walipoweka miiko ya kaya. Misitu ya kaya iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, Kaya Duruma na Kaya Kinondo zikiwemo, imebaki kwa sababu ya miiko hiyo.

La sita: kisima, pale kinapofaa.

Sisemi kusichimbwe kisima hata kimoja. Nasema kisichimbwe kwa kura ya kelele. Kwanza mtaalamu apime ardhi, na majirani wa karibu wenye visima waulizwe maji yao yakoje. Mamlaka ya Rasilimali za Maji itoe kibali. Maji yakipatikana, yapimwe chumvi kabla ya pampu kununuliwa. Maji ya chumvi kiasi yanaweza kufaa kwa mifugo, kufulia na ujenzi. Mtambo wa kuondoa chumvi upo, lakini unakula umeme au sola, vichujio vyake hubadilishwa, na maji makali ya chumvi yanayobaki yanahitaji mahali pa kumwagwa. Tukiuomba, tujue nani atalipa mwaka wa pili na wa tatu.

NANI ATAUTUNZA?

Mradi wa maji huharibika hivi: wiki ya kwanza kuna sherehe. Baada ya miaka miwili valvu inavuja. Hakuna pesa za valvu. Baada ya mwaka mwingine hakuna mradi.

Chukueni mfano wa kioski kinachouza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5. Kikiuza mitungi 200 kwa siku, ni shilingi 1,000, yaani shilingi 30,000 kwa mwezi. Theluthi moja ikiwekwa benki, mwaka ukiisha kuna shilingi 120,000 za kununua pampu au kuzoa tope. Theluthi hiyo ikiliwa, mtarudi kumngojea mwenye boza la maji. Akiwauzia mtungi kwa shilingi 20, basi mita moja ya ujazo, ambayo ni mitungi 50, imewagharimu shilingi 1,000. Maskini wa nyika anayenunua kwa mtungi hulipa maji ghali kuliko tajiri wa mjini mwenye mita.

Kwa hivyo kila mradi uwe na kamati iliyochaguliwa barazani, hesabu zake zibandikwe ukutani kila mwezi, na akina mama wawemo, tena wawe na sauti juu ya pesa. Mtungi uliojaa una uzito wa kilo 20, na kichwa kinachoubeba kwa kawaida ni cha mwanamke au msichana ambaye angekuwa darasani. Anayebeba ndiye anayejua bei ya mradi kusimama.

TUNAONDOKA NA NINI?

Kwanza, bajeti. Kila mwaka Mpango wa Maendeleo wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo kuna mikutano ya kuwashirikisha wananchi. Njooni, na msije na neno "maji" peke yake. Njooni na ombi lililopimwa: matangi na gata za shule fulani, kuzolewa kwa silanga fulani na kuwekewa ua, upimaji wa mto fulani kwa bwawa la mchanga. Ombi la namna hiyo mwakilishi wenu wa wadi ataweza kulitetea, na nyinyi mtaweza kuuliza mwaka ukiisha, limefika wapi?

Pili, kabla ya mvua zijazo, kila kijiji kihesabu: paa ngapi za mabati za majengo ya umma, silanga ngapi na zina kina gani, ngurunga ngapi. Mleteeni chifu orodha hiyo, nasi tutaifanyia kazi pamoja nanyi. Kazi ya kuzoa tope la shimo la kunasa mchanga haihitaji kungoja Kwale. Inahitaji jembe, toroli na siku moja ya kijiji kizima.

Tatu, mtushike sisi. Kaunti ikichimba silanga isiyo na ua, semeni. Ikileta kisima bila kupima chumvi, kataeni. Fundi akiweka gata iliyopinda, asilipwe mpaka airekebishe. Pesa ni zenu.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mvua ijayo itanyesha tukiwa tumejitayarisha au hatujajitayarisha, na itapita kwa saa chache tu. Kazi ya kuikinga ni ya siku hizi za jua. Basi nisiseme mengi zaidi. Mama aliyeacha mitungi kwenye foleni aulize swali la kwanza, kisha aende akateke.